Hatari 3 kati ya 5: jibu kwa mama ambaye mwanawe yuko Grenoble

Swali limetoka kwa mama mmoja wa hapa Goma, mtaa wa Himbi. Kwa ufupi anaeleza hivi: mwanawe wa miaka 21 anasoma Grenoble, Ufaransa. Wenzake wa chuo wamemwalika Jumamosi wapande mlima kwa skii, zile mbao mbili ndefu za kutelezea theluji. Hawaendi kwenye zile njia za kulipia zenye walinzi na kamba. Wanaenda huko juu penye mlima mtupu, ambako unabandika chini ya skii ngozi ya kuzizuia zisiteleze kurudi nyuma, upande kwa nguvu zako, kisha unateremka. Mama alipouliza habari za theluji inayoporomoka, kijana alimtumia picha ya taarifa ya hatari, yenye namba 3 kati ya 5, na maneno haya: "Mama, ni katikati tu, usiogope." Mama anataka kujua mambo mawili. Je, 3 ni katikati kweli? Na je, amkataze?

Mama, jambo. Nimesoma ujumbe wako mara mbili, maana mimi pia nilizaliwa hapa, nikaenda huko kijana, na mama yangu alibaki Goma akiangalia simu. Nilikaa kwenye milima ya Alpi, kule Ulaya, majira kadhaa ya baridi, kwanza nikijifunza theluji, kisha nikiifanyia kazi. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu jibu fupi halitakusaidia siku mwanao atakapokupigia akiwa na haraka ya kwenda.

Tatu si katikati. Waswisi wana taasisi yao ya theluji kule Davos inayohesabu mambo haya kwa makini, na hesabu yao inaonyesha kwamba karibu nusu ya watu wanaouawa na maporomoko ya theluji wakiwa katika matembezi ya mlimani hufa siku ambazo taarifa imesema 3. Siku hizo ni kama theluthi moja tu ya siku za majira ya baridi. Kwa namba 5 vifo vya wapanda milima ni vichache mno, na sababu yake inaeleweka: siku ya 5 barabara zimefungwa na hakuna anayepanda. Siku kama hizo mlima ndio unaowafuata watu majumbani. Tarehe 9 Februari 1999 poromoko lilifika kwenye nyumba za Montroc, karibu na Chamonix, likaua watu 12. Wiki mbili baadaye, tarehe 23 na 24, kijiji cha Galtür na jirani yake Valzur kule Austria vilipoteza watu 38. Siku ya 4 inawatisha wengi wakabaki chini. Lakini siku ya 3 theluji ni mpya, jua mara nyingi limetoka, na namba yenyewe inasomwa kama ruhusa.

Kosa la kijana wako ni la hesabu, na wengi sana wanalifanya. Anaona ngazi tano zenye vidato sawa, kama ngazi ya kupandia kwenye paa. Kipimo hiki, ambacho nchi za Ulaya zinakitumia kwa pamoja tangu 1993, hakikupangwa hivyo. Kila kidato kinaruka mbali kuliko kilichotangulia. Kwa namba 2 mteremko mkali kwa kawaida unahitaji uzito mkubwa ili uvunjike, mfano kundi zima lililosongamana mahali pamoja. Kwa namba 3 mtu mmoja peke yake anatosha. Kijana mmoja wa kilo 65, akipita kimya, anatosha. Neno lenyewe la Kifaransa kwenye taarifa ni *marqué*, yaani hatari iliyo wazi, iliyojichora. Mwambie alisome neno hilo kabla ya kusoma namba.

Sisi wa Goma tungepaswa kulielewa hili upesi kuliko watu wengi. Tumeishi na rangi nne za tahadhari ya volkano, kijani, njano, rangi ya chungwa na nyekundu, na tumekaa chini ya njano miaka na miaka mpaka macho yetu yameacha kuiona. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilifunguka jioni bila rangi kubadilishwa kwanza. Rangi na namba ni maneno ya watu wanaojitahidi kusema ukweli kuhusu eneo kubwa. Hazisemi kitu kuhusu mteremko ulio mbele ya miguu yako.

Basi tuache namba kidogo, nikueleze kinachotokea chini ya skii, kwa sababu ukikielewa utajua cha kumwuliza.

Wewe theluji umeiona kwa mbali tu, zile asubuhi baada ya mvua kubwa mawingu yanapofunguka na Karisimbi imevaa nyeupe. Wanasema jina lenyewe linatokana na isimbi, kauri nyeupe. Ile ni theluji ya siku moja mbili, mita 4,507 juu ya bahari, na jua linaiondoa. Kule Alpi theluji inaanza kulala Novemba au Desemba na inabaki mpaka majira ya kuchipua, kila dhoruba ikitandika tabaka lake juu ya la zamani, kama mikeka. Mkeka mmoja mgumu, mwingine laini, mwingine umepigwa na jua ukawa barafu. Anayetembea juu anaona mkeka wa mwisho tu.

Poromoko linaloua watu wa skii karibu kila mara ni la aina moja: bamba. Chukua chupa tupu za bia, zisimamishe kwa mistari sakafuni, weka bati juu yake. Bati limetulia, unaweza hata kuliwekea vitu. Sasa gonga chupa moja iangushe jirani yake. Zote zinalala, mstari baada ya mstari, na kama sakafu ilikuwa imeinama, bati linaondoka lote kwa pamoja. Bati ni tabaka la juu, theluji iliyoshikamana. Chupa ni tabaka dhaifu lililofichwa chini, ambalo pengine ni nene milimita chache tu. Mtu wa skii ndiye anayegonga chupa ya kwanza. Ufa unasafiri chini kwa chini haraka kuliko anavyoweza kugeuka, unafunguka juu yake, mita 20 au 50 kwa juu, na yeye anajikuta katikati ya bati linaloteremka. Baada ya sekunde chache linakwenda kwa mwendo wa gari barabara kuu. Na kwa sababu chupa zinaangushana, mtu anaweza kuzigonga akiwa mahali tambarare chini ya mlima, na bati likaondoka juu yake. Hili la mwisho ndilo linalowashangaza hata watu wazoefu.

Chupa hizo zinatoka wapi? Hapa naomba uvumilivu wako, maana ndiyo sehemu ninayoipenda na ndiyo inayodanganya watu.

Theluji haibaki kama ilivyoanguka. Chini yake ardhi hukaa karibu na nyuzi sifuri, kwa kuwa udongo umetunza joto la kiangazi. Juu yake, usiku usio na mawingu, uso wa theluji unaweza kushuka mpaka nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri. Theluji ikiwa nene, tofauti hiyo inagawanyika taratibu. Ikiwa haba, tuseme nusu mita, tofauti yote imebanwa ndani ya nusu mita. Mvuke unaondoka kwenye punje za chini zenye joto na kuganda kwenye za juu zenye baridi, na punje zinajengwa upya: zinaota kona, zinanenepa, zinaachana. Tofauti ikizidi nyuzi 1 kwa kila sentimita 10, kazi hiyo inakwenda kasi. Baada ya wiki moja au mbili ukichota kiganjani inamwagika kama sukari, na hata ukifinya haishikani. Juu ya sukari hiyo dhoruba ya Januari inaweka bati.

Unaona kinachofuata? Majira yenye theluji haba mara nyingi yana mlima mbaya kuliko majira yenye theluji tele. Watu wanafikiri kinyume. Kijana anakwambia, "Mama, mwaka huu theluji ni kidogo," akidhani anakutuliza.

Chupa za aina ya pili ni nzuri kwa macho kuliko kitu chochote nilichowahi kuona mlimani. Usiku wa baridi, bila upepo, umande unaganda juu ya theluji na kuota kama manyoya membamba yanayong'aa, mengine marefu kama kucha. Asubuhi ukipita yanalia chini ya skii kama vioo vidogo. Upepo au jua vikiyavunja, yamekwisha. Lakini theluji mpya ikiyafunika yakiwa bado yamesimama, yamefichwa, na yanaweza kubaki hai wiki kadhaa yakimngoja mtu. Huwezi kuyaona kutoka juu. Utajua yapo kwa kusoma taarifa za wiki zilizopita, au kwa kuchimba.

Upepo nitausema kwa maneno machache kwa kuwa kazi yake ni rahisi kueleweka: unachukua theluji upande unaopigwa na kuilaza upande uliojificha, nyuma ya mgongo wa mlima. Dhoruba ikiangusha sentimita 20, upepo unaweza kujaza mita nzima mahali pamoja na kutoacha kitu mahali pengine. Theluji iliyobebwa na upepo imesagwa, inashikamana, ni bati tayari. Ikiwa taarifa inataja upepo wa juzi na jana, basi jua la leo halijaondoa kitu.

Joto la majira ya kuchipua ni habari nyingine, linaleta maporomoko mazito yenye maji, na dawa yake ni kuamka alfajiri na kuwa umeteremka kabla ya adhuhuri. Safari ya mwanao ni ya Januari, kwa hiyo tuliache.

Sasa mteremko. Bamba linahitaji mwinamo wa nyuzi 30 au zaidi ili liteleze, na mengi yanaondoka kati ya 35 na 45. Chini ya 30, chupa zinaweza kuanguka zote na bati likabaki pale pale. Hapa ndipo mtu anapata uwezo wa kuchagua, na ndiyo sababu nakwambia hatari hii haifanani na zetu za huku. Mei 2023 kule Kalehe, Bushushu na Nyamukubi, maji na matope yaliwakuta watu sokoni na majumbani, zaidi ya 400 wakafa, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameugusa mlima. Kwenye theluji, katika maporomoko yanayoua watu wa skii, mara tisa kati ya kumi aliyeliamsha poromoko ni mwenyewe aliyezikwa au mwenzake wa safari. Maana yake ni kwamba kwa sehemu kubwa ajali inaamuliwa kabla, mezani, mtu akichora njia ya kupita.

Wafaransa wana ramani ya bure kwenye intaneti, ya taasisi yao ya jiografia, iliyopakwa rangi kwa mwinamo: njano kuanzia nyuzi 30 hadi 35, rangi ya chungwa hadi 40, nyekundu hadi 45, zambarau zaidi ya hapo. Kijana akifungua ramani hiyo na kufuatisha njia kwa kidole, ndani ya dakika kumi anajua mahali ambapo wanaingia hatarini. Kuna kiongozi wa milima wa Uswisi, Werner Munter, aliyefundisha kanuni ambayo watu wengi wameokoka nayo: siku ya 2 kaa chini ya nyuzi 40, siku ya 3 chini ya 35, siku ya 4 chini ya 30. Kwa mtu anayeanza mimi naikaza zaidi. Siku ya 3, asiguse penye rangi kabisa, wala asipite chini ya penye rangi. Chini pia, mama, kwa sababu ya zile chupa zinazoangushana.

Na kuna jambo la mabonde madogo. Sisi tunawafundisha watoto wasishuke kwenye mashimo karibu na ziwa asubuhi mapema kwa sababu ya mazuku, ile hewa nzito inayotuama mahali pa chini na kuua bila kelele. Theluji nayo inatuama. Poromoko dogo, ambalo mahali pa wazi lingemwangusha mtu na kumwacha na theluji magotini, likimsukuma kwenye korongo linamfunika mita mbili tatu. Na kinachomuua huko chini, mara nyingi, ni jambo lile lile la mazuku: pumzi yake mwenyewe inamrudia, hewa chafu inajaa mbele ya uso wake, na analala. Wengine wanauawa na mawe na miti njiani, lakini wengi wanakufa kwa kukosa hewa.

Kwa hiyo dakika ni kila kitu. Aliyezikwa akitolewa ndani ya dakika 10 za mwanzo ana nafasi kubwa sana ya kuishi, karibu tisa kati ya kumi. Ikifika nusu saa, waliobaki hai ni wachache, kama theluthi moja. Helikopta ya waokoaji ni nzuri na Grenoble wanayo, lakini mpaka simu ipigwe na ifike, dakika zile zimekwisha. Wanaookoa ni wenzake waliosimama pembeni. Ndiyo maana kila mmoja wao, bila kumruka hata mmoja, lazima abebe vitu vitatu: kifaa cha kutoa na kupokea mawimbi ambacho Wafaransa wanakiita DVA, kikiwa kimewashwa na kimefungwa mwilini chini ya koti, fimbo ndefu ya kukunja ya kuchomea theluji, sonde, na beleshi la chuma. Theluji iliyoporomoka ikisimama inakuwa ngumu kama saruji, mikono haiwezi kuichimba, na kumfikia mtu aliyelala mita moja chini unahamisha zaidi ya tani moja. Kifaa bila beleshi kinakuonyesha tu mahali rafiki yako anapofia. Na kifaa ambacho mtu hajawahi kukifanyia mazoezi kinampotezea dakika zote kumi akikizungusha.

Nakuja kwenye dalili, kwa sababu mlima wenyewe huwa unasema. Nilikuwa Savoie, katika Alpi za Ufaransa, majira yangu ya pili, tumesimama watu wanne penye tambarare tukinywa chai. Mmoja alisogea kuchukua mkoba wake. Chini yetu ikatoka sauti nzito, kama godoro zito likidondoka chumba cha jirani, na theluji yote tuliyosimamia ikashuka kidogo, labda sentimita moja. Nilihisi tumboni. Hakuna kilichoporomoka, maana palikuwa tambarare. Aliyetuongoza hakusema neno, alifunga chupa ya chai, akageuza skii zake, tukarudi kwa njia tuliyojia. Zile zilikuwa chupa zikianguka. Sauti hiyo, au nyufa zinazokimbia mbele ya skii, au poromoko la jana linaloonekana kwenye mteremko wa jirani unaotazama upande ule ule: ukipata moja tu ya hizi, kazi ya siku hiyo ni kutafuta njia laini ya kurudi. Sijawahi kusikia sababu nzuri ya kuendelea baada ya sauti ile.

Kuna dalili moja ya uongo nayo, na inaua. Alama za skii za watu waliotangulia. Vijana wanaziona na kusema, wengine wamepita, basi pako salama. Chupa haziko sawa mahali pote. Pengine bati ni nene na mtu hazifikii, hatua kumi mbele ni jembamba na anazifikia. Mtu wa tano anaweza kupita na wa sita akaliondoa.

Lakini mama, baada ya miaka yote ile ninaamini tatizo kubwa la siku ya 3 haliko kwenye theluji. Liko kwenye gari linalotoka Grenoble saa kumi na mbili asubuhi likiwa na vijana watano. Mmarekani mmoja, Ian McCammon, mwanzoni mwa miaka ya 2000 alipitia mamia ya ajali za nchi yake akitafuta watu walikuwa wanafikiri nini. Alikuta wengi walikuwa na mafunzo, na dalili zilikuwa wazi mbele yao. Walikwenda kwa sababu walipajua mahali, au walikuwa wamekwisha kupanga, au aliyeonekana mjuzi alikwenda mbele, au hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema turudi.

Sasa mfikirie mwanao. Yeye ni mgeni. Skii ameazima, kiti cha gari amepewa, mwaliko wenyewe ameupokea kwa furaha baada ya miezi ya kukaa peke yake chumbani. Ni mtoto aliyelelewa kwetu, anajua kumheshimu mwenyeji. Mlimani saa tano, wenzake wakisema twende, atasema nini? Nimekuwa katika nafasi hiyo. Nilinyamaza mara zaidi ya moja, na nikapona kwa sababu mteremko ulikubali kunivumilia, wala si kwa akili yangu.

Waswahili wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwambie hivyo. Mwambie kwamba yeye ambaye hajazoea ndiye anayeona kile ambacho macho ya wenzake yameacha kukiona, kama vile mgeni anayefika Goma anavyoitazama Nyiragongo usiku na kuuliza, nanyi mnalala? Swali la mjinga, likiulizwa kwa adabu, linawapa wengine wanne nafasi ya kusema walichokuwa wanakifikiri. "Samahani, mteremko huu una nyuzi ngapi?" Hilo tu. Kama hakuna anayejibu, amepata jibu.

Amkataze au asimkataze? Ana miaka 21 na yuko mbali. Ukimkataza kavu, atakwenda na hatakuambia, na hapo utakuwa umepoteza kitu pekee ulicho nacho, kwamba anakueleza ukweli. Afadhali uongee naye Ijumaa jioni. Taarifa ya hatari ya kila eneo la milima hutoka kila siku mnamo saa kumi jioni ya Ufaransa, ambayo hapa Goma ni saa kumi na moja wakati huu wa baridi. Ile picha aliyokutumia ya katikati ya wiki imepitwa. Asome ya Ijumaa, na asome maandishi yote: miteremko inayotajwa inatazama upande gani, ni kuanzia mita ngapi, upepo ulitoka wapi, kuna tabaka dhaifu chini au hakuna. Kisha akueleze kwa maneno yake wanapita wapi. Huhitaji kujua theluji ili usikilize. Utasikia kama anajua au anabahatisha. Mwulize kama wote watano wana vile vitu vitatu, na kama wamewahi kufanya mazoezi navyo. Mwulize nani ana mamlaka ya kusema turudi. Jibu zuri ni "yeyote."

Na mwulize skii yenyewe anaijua kiasi gani. Hili umelisahau kwenye barua yako na kwangu ni kubwa. Mtu anayeanguka anaikandamiza theluji kuliko anayeteleza vizuri. Ikiwa hii ni mara yake ya kwanza au ya pili, basi bila ugomvi wowote, siku ya 3 si siku yake katika milima mikali kama Belledonne. Apendekeze mahali pengine. Uwanda wa juu wa Vercors uko karibu na mji, una njia ndefu za skii zinazopita tambarare na msituni, na Autrans walifanyia mashindano ya Olimpiki ya 1968. Watachoka, watacheka, watarudi na picha. Akitaka milima mikali baadaye, Grenoble ni mahali bora: kuna chama kiitwacho ANENA, kilichoanzishwa 1971, mwaka mmoja baada ya poromoko la Val d'Isère lililoua vijana wengi waliokuwa mezani wakipata kifungua kinywa, na kazi yake ni kufundisha watu theluji. Mfanyie mpango wa ada ya mafunzo. Ni zawadi ya maana kuliko koti jipya.

La mwisho ni la kwako. Simu ya dharura kule ni 112, lakini wewe ukiipiga kutoka Goma haitakufikisha Ufaransa. Kwa hiyo kabla hajaondoka, mwanao amwachie mtu aliyeko Grenoble, mwenzake wa chumba au jirani, maandishi ya njia wanayopita, namba ya gari, na saa ambayo wakiwa hawajarudi mtu huyo apige 112. Wewe chukua namba ya huyo mtu, mjaribu Ijumaa hiyo hiyo, msalimie, ajue kuna mama. Saa yenyewe iwekwe mapema, mwanga ukiwa bado upo, kwa sababu Januari kule jua linatua kabla ya saa kumi na mbili jioni. Jumamosi usimpigie akiwa mlimani. Simu inaweza kuvuruga kile kifaa cha mawimbi, na wengi huzizima au kuziweka mbali nacho. Ngoja ujumbe wake watakapofika kwenye gari.